Kufuata Maziwa Yaliyokufa

Ukitoka Kiserian kwa njia ya Magadi, kuna mahali panaitwa Corner Baridi, na waliopaita hivyo hawakukosea. Upepo wa Ngong unapenya hadi mifupani, na wauza mahindi ya kuchoma wamejikunyata ndani ya makoti. Hapo barabara inainama kuingia Bonde la Ufa. Hujaenda mbali koti limekuwa mzigo, na ukizidi kuteremka unaanza kutafuta kivuli cha mgunga. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, joto silikimbii, lakini joto la pwani lina unyevu na lina upepo wa kulipoza. Hili la bondeni ni kavu. Linakushukia kutoka juu na kukupandia kutoka chini.

Niliandamana na rafiki yangu wa siku nyingi, mwalimu wa jiografia katika shule moja ya upili huko Nakuru. Tangu nimfahamu amekuwa akinieleza kwamba asili ya binadamu haisomwi katika mifupa peke yake, husomwa pia katika matope. Nami nimekuwa nikiitikia kwa adabu tu. Safari hii alitaka tuyafuate matope hayo, kutoka kusini mwa bonde mpaka Turkana. "Twende ukaone maziwa," alisema. Nikamuuliza ni maziwa gani yaliyo kati ya Ngong na Magadi. "Yaliyokufa," akanijibu.

Olorgesailie

La kwanza liko kilomita 70 hivi kusini-magharibi mwa Nairobi. Macho yasiyozoea huona nyika tu: miiba, vichuguu, ng'ombe wa Wamasai wakipita na kengele zao, na upande wa kusini Mlima Olorgesailie, volkano iliyozimika zamani sana. Lakini ardhi yake ni nyeupe, na weupe wenyewe si wa chumvi wala wa chokaa. Ni maganda ya diatomu, vimea vya majini visivyoonekana kwa macho matupu, ambavyo hujijengea ganda la silika. Vikifa huzama, na maganda yakirundikana kwa maelfu ya miaka hugeuka kuwa mwamba laini, mwepesi, unaotoka vumbi ukiugusa. Tabaka nene la mwamba huo ni hati ya ziwa. Sisi tulisimama juu ya sakafu ya ziwa, kofia zimetuelemea usoni kwa sababu ya jua, na tone la maji halikuwapo mahali popote isipokuwa kwenye chupa zetu.

Mwanajiolojia J. W. Gregory alipita hapa mwaka 1919 na kuona mawe yaliyochongwa. Louis na Mary Leakey walianza kuchimba mwaka 1943, wakati wa vita, wakisaidiwa na wafungwa wa kivita wa Kitaliano. Mwaka 1947 mahali pakafunguliwa kwa watu kutazama, na mpaka leo unapita juu ya njia ya mbao huku mashoka ya mkono yamelala chini yako pale pale yalipoachwa. Hapo ndipo niliponyamaza. Nilitarajia kuona mawe matano, kumi, ndani ya sanduku la kioo. Nilichokiona ni mamia kwa mamia yametapakaa kwenye udongo, kila moja limechongwa pande mbili, limechongoka upande mmoja na kunenepa upande wa pili, kana kwamba mafundi wameitwa chakula na watarudi jioni.

Kijana wa Kimasai aliyetuongoza alinipa mfano mmoja uliotengwa kwa wageni kuushika. Ulinijaa mkono na kuuzidi. "Wazee hawa walikuwa na kifundo cha mkono," alisema, na aliposema "wazee" hakuwa akitania.

Mashoka haya yalitengenezwa hapa tangu miaka milioni 1.2 iliyopita mpaka karibu miaka 500,000 iliyopita. Piga hesabu mwenyewe. Miaka 700,000 umbo halibadiliki ila kidogo sana, na karibu mawe yote yaliokotwa mlimani jirani, mwendo mfupi kutoka ziwani. Sijui kama kuna jambo jingine ambalo binadamu amelifanya kwa subira namna hiyo. Walioyachonga hawakuwa sisi hasa. Kipande cha fuvu kilichopatikana hapa mwaka 2003, chenye umri wa miaka 900,000 hivi, kinawaweka karibu na jamii ya Homo erectus. Ziwa lilikuwapo, majani yalikuwapo, wanyama wakubwa walikuwapo: tembo wa aina iliyokwisha toweka, kiboko, pundamilia mkubwa kuliko wa leo, na nyani mkubwa mno wa kula majani ambaye mifupa yake imepatikana kwa wingi pamoja na zana. Kwa nini ubadili chombo kinachofanya kazi?

Halafu, ukipanda tabaka za juu, mashoka hayapo. Kufikia miaka 320,000 iliyopita kuna vitu vingine kabisa: ncha ndogo nyembamba za kufungwa kwenye mpini, udongo mwekundu na mweusi wa rangi, na obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, iliyotoka umbali wa kilomita 25 hadi 95. Mtu wa hapa alikuwa amepata jiwe la mtu wa kule. Mambo haya yalitangazwa mwaka 2018 na timu ya Rick Potts wa taasisi ya Smithsonian, ambaye amefanya kazi hapa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya tangu mwaka 1985.

Kati ya ulimwengu wa mashoka na ulimwengu wa ncha, kurasa zimechanika: mmomonyoko ulizichukua tabaka za miaka hiyo. Kwa hiyo mwaka 2012 watafiti walitoboa ardhi ya bonde la jirani, Koora, wakatoa nguzo ya matope yenye urefu wa mita 139, kumbukumbu ya miaka milioni moja. Ilivyosomwa, kumbukumbu hiyo inasema kwamba karibu miaka 400,000 iliyopita utulivu uliisha. Ardhi ilipasuka na kuligawanya bonde, maji yakawa ya kuja na kuondoka, majani yakastawi msimu huu na kushindwa na vichaka msimu ule. Kiasi cha asilimia 85 ya aina za wanyama wanyonyeshao wa hapa zilibadilika: wale wakubwa wa kula majani walitoweka, nafasi zao zikachukuliwa na wadogo. Aliyejua kazi moja tu aliangamia pamoja na kazi yake.

"Usiseme ukame ndio ulioleta akili," Mwalimu alinionya, kwa sauti ile anayoitumia darasani. "Ukame peke yake unaua tu. Ni kutojua kesho kutakuwaje."

Tulikula mbuzi wa kuchoma na kachumbari kwenye banda la mama mmoja kando ya barabara, na mzee aliyekuwa meza ya pili akatueleza jinsi mifugo yake ilivyomalizwa na kiangazi miaka kadhaa nyuma. Nilimuuliza alisimamaje tena. Akanitajia osotua, ule udugu wa Kimasai ambao mtu mwenye shida humwendea mwenzake, pengine wa mbali sana, naye humpa mnyama kwa kadiri ya shida yake, wala deni haliandikwi. Mwalimu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilijua anafikiria obsidiani. Mimi sikutaka kuurukia ulinganisho huo haraka hivyo. Miaka 300,000 ni mingi. Lakini ni kweli kwamba mahali ambapo mvua haiaminiki, rafiki aliye bonde la pili ni akiba kuliko nyama iliyokaushwa.

Kariandusi

Kutoka huko tulipanda tena, tukapita Mai Mahiu penye lile kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na Wataliano waliokuwa wafungwa wa vita, tukaiacha Longonot kushoto na kufika Gilgil. Kariandusi ni mahali padogo, na wengi hupita mbio kwenda kuwaona heroe wa Elmenteita. Mimi nilipapenda. Louis Leakey alipafikia mwaka 1928. Mashoka ya hapa mengine ni ya obsidiani, meusi ya kung'aa, na ukiyaona unashuku kwamba aliyeyachonga alikuwa na jicho la urembo hata kama hakuwa na neno la kuutaja. Kando yake kuna machimbo ya diatomiti, kuta nyeupe za kuumiza macho. Lori limesimama pale chini, na kulitazama ni kutazama sakafu ya ziwa lililokuwa na kina cha kutosha kuzamisha kijiji.

Mwalimu alinikalisha juu ya ukingo akanionyesha kwa kidole. Miaka 10,000 hivi iliyopita, Nakuru na Elmenteita zilikuwa ziwa moja, na Naivasha ilijaa ikafurika kupitia korongo la Njorowa, hilo hilo ambalo watalii wanaliendea kwa baiskeli huko Hell's Gate. Bonde hili lina tabia hiyo. Sakafu yake imegawanyika vibeseni vilivyozungukwa na kuta, vingi havina mto wa kutoka, kwa hiyo mvua ikiongezeka kidogo ziwa linapanda sana, ikipungua kidogo ziwa linakufa. Nchi tambarare isingepata misukosuko ya namna hii.

Nakuru tulilala kwake, tukala ugali, mboga za managu na maziwa lala. Watoto wake walituuliza kama tumemwona mtu wa kale. Baba yao akawaambia bado, yuko mbele.

Baringo

Kuanzia Marigat barabara ina asali. Chupa zimepangwa kwenye meza za miti, kutoka nyeupe hadi nyeusi kabisa, na kila muuzaji anaapa kwamba ya jirani imetiwa sukari. Asali ya Baringo ni ya maua ya migunga, ina utamu unaokaa kooni muda mrefu, na tuliinunua mapema mno kwa maana iliisha kabla ya Lodwar.

Kampi ya Samaki tulifika alasiri. Ziwa limemeza sehemu ya mji. Miti mikavu imesimama majini hadi kiunoni, paa la jengo linaonekana peke yake, na boti inapita mahali palipokuwa na njia ya watu. Tangu miaka ya 2010 maziwa ya bonde, Baringo, Bogoria, Nakuru, Naivasha na hata Turkana, yamepanda. Mwaka 2020 ulikuwa mbaya zaidi, maelfu ya watu wakahama. Huko Nakuru hata lango kuu la hifadhi lilizama. Mzee mmoja wa Kiilchamus, aliyekuwa akitengeneza mtumbwi wake wa miti myepesi, alitusikiliza tukilia kwa niaba yake, kisha akasema, "Maji hayakuvamia. Yamerudi kwao." Hasira yake ilikuwa kwa waliochora ramani za mashamba kana kwamba ziwa ni ukuta.

Tulikula tilapia wa kukaanga wakati viboko wanaguruma gizani, na kesho yake tukaenda kwenye vilima vya Tugen.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa. Katika mabonde ya Barsemoi mmomonyoko umeukata mlima ukaonyesha ndani yake: mkanda mweupe wa diatomiti, juu yake mkanda wa udongo wa kahawia, mweupe tena, kahawia tena. Ziwa kubwa, nchi kavu, ziwa kubwa, nchi kavu. Umri wake ni kati ya miaka milioni 2.7 na 2.55, na mpigo wake ni miaka takriban 23,000. Mpigo huo hautoki Baringo. Unatoka mbinguni. Mhimili wa dunia huyumba kama pia inayokaribia kuchoka, na kwa sababu hiyo kila miaka elfu kadhaa majira ambayo jua linatuchoma zaidi husogea. Jua likizidi nguvu wakati wa mvua, pepo za bahari huvuta unyevu mwingi zaidi kuingia bara, na bonde hujaa. Pia ikigeukia upande wa pili, bonde hukauka. Sisi wa pwani tunaozipanga safari kwa kaskazi na kusi hatukupaswa kungoja wanasayansi watuambie kwamba pepo zina mkono katika maisha ya bara.

Watafiti kama Martin Trauth na Mark Maslin wameonyesha kwamba vipindi vya maziwa makubwa yanayokuja na kuondoka vilitokea hasa miaka milioni 2.7 hadi 2.5 iliyopita, tena milioni 1.9 hadi 1.7, na tena milioni 1.1 hadi 0.9. Mwalimu aliziandika namba hizo kwa kijiti mchangani, watoto wa Kitugen wenye mbuzi wakimzunguka. Kisha akaandika upande wa pili: kipindi cha kwanza, ndipo jamii yetu ya Homo inapoanza kuonekana pamoja na zana za mawe zilizozoeleka, cha pili, Homo erectus, mrefu, mwenye ubongo mkubwa zaidi, na watu wa kwanza kutoka Afrika. Mbuzi mmoja alikanyaga cha tatu.

Je, kupatana kwa nyakati ni ushahidi wa sababu? La, na Mwalimu mwenyewe alikiri hivyo. Mifupa ni michache, tarehe zina mikunjo yake. Lakini namna ya mambo inaeleweka. Bonde likijaa, watu wanaongezeka kisha wanabanwa kwenye kuta na kusukumwa nje, kaskazini au kusini. Likikauka, wanakatika vikundi vikundi, kila kimoja kwenye chemchemi yake, na vinaanza kutofautiana. Rudia hivyo mara nyingi.

Vilima hivi pia vinaharibu hadithi moja tuliyofundishwa shuleni. Mwaka 2000 Brigitte Senut na Martin Pickford walipata hapa mabaki ya Orrorin tugenensis, kiumbe wa miaka milioni 6 hivi, na mfupa wa paja lake unaonyesha kwamba aliweza kutembea kwa miguu miwili. Tuliambiwa misitu ilikauka, nyasi zikaenea, babu akasimama ili aone mbali. Basi mbona huyu alisimama akiwa bado anaishi penye miti, pamoja na mbega? Nyasi zilikuja, lakini zilimkuta babu ameshasimama. Natamani vitabu vya shule virekebishwe katika hili.

Kalokol

Turkana unaijua kwa upepo. Unaanza asubuhi, unabeba mchanga, unalala mchana na kuamka tena usiku. Wanawake wamevaa shanga zilizopandana hadi kidevuni; wanaume wazee wanatembea na kigoda chao kidogo cha mti, ekicholong, cha kukalia mchana na kulazia kichwa usiku. Mikoma imejipanga kando ya mito ya mchanga. Na ziwa, unapoliona mara ya kwanza kutoka juu, ni la kijani kama halikutengenezwa na maji.

Kabla ya kufika Kalokol, kando kabisa ya barabara, kuna nguzo za mawe meusi zilizosimikwa ardhini, zimeinama huku na huku. Waturkana husimulia kwamba hao walikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe. Wanaakiolojia wanasema wafugaji wa kwanza wa nchi hii walizisimamisha yapata miaka 5,000 iliyopita, nao wana makaburi mengine makubwa zaidi, kama yale ya Lothagam, ambako inakadiriwa watu wasiopungua 580 walizikwa: wazee, watoto, wanawake, wanaume, wengi na mapambo yao, bila dalili ya bwana na mtwana.

Miaka hiyo 5,000 haikuja kwa bahati. Kabla yake, kwa miaka karibu 10,000, Afrika ilikuwa na mvua nyingi mno. Sahara ilikuwa na majani na viboko. Ziwa Turkana lilisimama juu ya usawa wake wa leo kwa mita 80 hadi 100 na kufurika upande wa kaskazini-magharibi mpaka likaungana na Mto Nile. Ndiyo maana leo, katika ziwa hili lisilo na njia ya kutokea, jirani ya jangwa, unakuta sangara na mamba wa Nile. Watu wa ufukweni walivua kwa vyusa vya mfupa, na mifupa ya samaki wao bado inaokotwa mahali ambapo sasa ngamia wanatafuna miiba. Kisha mvua zikakatika, ziwa likakimbia, wavuvi wakaona wageni wanashuka kutoka kaskazini na mbuzi na ng'ombe. Katika hali kama hiyo ungetarajia watu wachinjane. Hao wakajenga makaburi ya pamoja.

Lakini si nyakati zote walikuwa wema. Kusini zaidi, Nataruk, timu ya Marta Mirazón Lahr ilipata mabaki ya watu 27 wa miaka 10,000 hivi iliyopita, baadhi yao wamepasuliwa vichwa, wakati ambapo ziwa lilikuwa limejaa na chakula tele. Wapo wataalamu wanaobishana kama wote waliuawa siku moja. Hata hivyo nilijifunza kutokwenda mbio kusema kwamba njaa huleta vita na shibe huleta amani.

Jioni tulikula sangara aliyekaangwa na ugali mgumu, kisha chai ya maziwa ya ngamia. Sangara wa Turkana ana mafuta mengi. Mgonjwa wa tumbo na ale taratibu.

Nariokotome

Kwenda kaskazini unapita Lomekwi, makorongo yasiyo na kitu cha kumsimamisha msafiri, na mahali ambapo mwaka 2011 timu ya Sonia Harmand na Jason Lewis ilikuta zana za mawe za miaka milioni 3.3, za kale kuliko jamii ya Homo yenyewe tunavyoijua. Jua lilikuwa kali. Hatukukaa.

Nariokotome tulikaa. Mto wa mchanga, migunga michache, na mnara wa kumbukumbu. Hapa, Agosti 1984, Kamoya Kimeu, mfalme wa watafuta visukuku nchini Kenya, alitoka kambini siku ambayo wenzake wanapumzika, akaona kipande cha paji la uso, kidogo kama kiberiti, cha rangi ile ile ya vijiwe vilivyokizunguka. Kutokana na hicho wakachimba mifupa zaidi ya 100 ya mtoto mmoja wa kiume wa Homo erectus, aliyekufa miaka milioni 1.5 hivi iliyopita kando ya kinamasi. Alikuwa na miaka minane au tisa, na tayari urefu wake ulikuwa karibu mita 1.6. Miguu mirefu, nyonga nyembamba: mwili wa kutembea mbali na kutoa joto kwa jasho. Mchungaji kijana aliyetusalimu pale, mrefu, mwembamba, fimbo mabegani, angeweza kumwita ndugu mdogo. Kimeu alifariki mwaka 2022. Kwa maoni yangu jina lake lingepaswa kujulikana kwa kila mtoto wa Afrika Mashariki kama yanavyojulikana ya wakimbiaji.

Hapo ndipo nilipoanza kuufikiria uhamiaji kwa namna nyingine. Tunazoea kusema "walitoka Afrika" kana kwamba siku moja watu walifunga mizigo. Jamii ya mtoto huyu ilishafika Dmanisi, Georgia, miaka milioni 1.8 iliyopita. Binadamu kama sisi walikuwapo kwenye Mto Omo, ulio ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia na ambao ndio unaolilisha ziwa hili, zaidi ya miaka 200,000 iliyopita; mafuvu yao yalipatikana mwaka 1967. Baadaye tunawakuta pango la Misliya huko Israeli, tunakuta zana Jebel Faya katika Falme za Kiarabu za miaka 125,000, na Dhofar, Oman, zana za miaka 106,000 zilizochongwa kwa mtindo wa Bonde la Nile. Nyakati hizo Arabuni palikuwa na maziwa na majani. Mlango ulikuwa wazi, wakapita wakifuata swala, bila kujua kwamba wanavuka bara. Mlango ulipofungwa, waliokuwa upande wa pili wakabaki, au wakafa. Na wakati Arabuni panapokea mvua, sehemu nyingine zetu ziliteketea: Ziwa Malawi, kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, lilipitia ukame uliolishusha kwa mamia ya mita.

Ninyi wenzangu wa pwani msione wivu kwamba mifupa yote iko bara. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, mtoto wa miaka mitatu hivi alizikwa miaka 78,000 iliyopita, amelazwa kwa ubavu, miguu imekunjwa. Watafiti wakamwita Mtoto, na habari zake zikatangazwa mwaka 2021. Pango hilo lilikaliwa kwa vipindi tangu wakati huo mpaka karne za karibuni, kwa sababu msitu wa pwani haukupata misukosuko mikubwa ya bara. Bonde liliwasukuma watu, pwani iliwahifadhi. Hata bahari yetu ilitembea: katika kilele cha enzi ya barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, ilishuka kwa mita 120, na mtu wa Bagamoyo angeweza kwenda Unguja kwa miguu.

Nina ombi kwa walimu na wazazi. Kila mwaka mabasi ya shule hupanda kwenda kuwaonyesha watoto simba na heroe, nao wanapita Kariandusi bila kupunguza mwendo. Wasimamisheni saa moja. Olorgesailie nendeni asubuhi mapema, chukueni maji kuliko mnavyodhani mtahitaji, na kiongozi wa pale mpeni nafasi azungumze. Jiwe lolote mtakaloliona juu ya udongo, hata liwe dogo namna gani, liacheni lilipo, kwa sababu mahali lilipolala ndipo panapotuambia lilikuwa ziwani au nchi kavu, na likishahamishwa halisemi tena.